Yule wa kwanza alimpata wapi mwenzi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia, kidato cha tatu. Juzi nilikuwa nafundisha kwamba amiba hujigawa mwenyewe na hana haja ya mwenzi. Binti mmoja akanyoosha mkono: kama kiumbe cha seli moja kinaweza kuzaa peke yake, kwa nini vingine vilianza kutafutana? Na yule wa kwanza kabisa kuanza, alimpata wapi mwenzi, wakati wengine wote walikuwa hawajaanza? Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya kuleta utofauti. Akasema bakteria wana utofauti mwingi na hawafanyi hivyo. Darasa likacheka. Nimefungua vitabu viwili, vyote vinasema 'faida yake ni utofauti' na kuishia hapo. Naomba unisaidie, na kama kuna kitu naweza kuwaonyesha kwa darubini yetu moja ya shule, unielekeze."

Marahaba, mwalimu. Kwanza mpe huyo binti hongera zangu. Swali lake la kwanza limewakalisha watu maabara kwa zaidi ya karne moja, na hilo la mwenzi wa kwanza hata wanafunzi wa shahada hawaliulizi mara nyingi. Wewe nawe hukujibu vibaya, ulijibu kama vitabu vinavyojibu. Ila vitabu hivyo vimeanzia hadithi katikati.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Tukisema "uzazi wa kijinsia", sikio linashika "uzazi". Kwa binadamu, mbuzi na mpapai hakuna ubaya, kwa sababu kwao mbegu kukutana na mtoto kupatikana ni safari moja. Kwa kiumbe cha seli moja ni safari mbili. Mchukue klamidomonasi, mwani mdogo wa kijani anayeogelea kwa vimkia viwili kwenye maji baridi na udongo wenye unyevu. Akitaka kuongezeka, hujigawa, basi. Akijamiiana, wawili wanaungana miili, viini vyao vinaungana, anabaki mmoja. Piga hesabu ubaoni na darasa lako: walikuwa wawili, sasa yuko mmoja. Idadi imeshuka! Ni kweli kwamba baadaye huyo mmoja atatoa wanne, lakini hao wanne wangepatikana mapema zaidi kama kila mmoja wa wale wawili angejigawa mara moja tu na kuendelea na maisha yake.

Kwa hiyo swali la binti nalipanga upya hivi: seli iliyokuwa inazaa bila taabu, kwa nini iache kuzaa, ipoteze muda kutafuta mwenzi, iungane naye, kisha ivuruge mpangilio wa jeni ambao hadi dakika ile ulikuwa unaifaa?

Angalia inafanya hivyo lini, utapata nusu ya jibu. Klamidomonasi aliyewekwa kwenye chupa yenye chakula na mwanga atajigawa miaka na miaka bila kumtazama mwenzake. Mnyime naitrojeni, na ndani ya saa chache anageuka kuwa gameti, yaani seli ya uzazi, tayari kuungana. Zaigoti, yaani seli inayotokana na muungano huo, hujijengea ukuta mnene unaohimili ukavu na baridi, ikalala humo mpaka hali irudi kuwa njema. Ndipo inapogawanyika na kutoa wale wanne. Hamira ina tabia ya jamaa hiyohiyo. Ikiwa na sukari inachipua tu, kichipukizi juu ya kichipukizi. Ikikosa naitrojeni na chakula kizuri, seli yenye seti mbili za kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni, hufanya mayosisi, yaani mgawanyiko unaoziacha seli changa na seti moja moja, na kufungasha vijimbegu vinne ndani ya kifuko kimoja. Viumbe hawa huingia kwenye mambo ya jinsia, kuungana au mayosisi, wakati wa njaa. Hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba jambo hili lina uhusiano na kunusurika kuliko na kuongezeka.

Sasa ingia ndani ya seli. Katika mayosisi, kromosomu zilizotoka kwa wazazi wawili hulala sambamba, kisha linatokea jambo la ajabu: protini iitwayo Spo11 inaikata DNA ya seli yake yenyewe, makusudi, sehemu nyingi. DNA iliyokatika pande zote mbili ni hatari ya kufa kwa seli yoyote. Mafundi wengine wa seli wanakuja kuiunga, na wanapounga hutazama kromosomu ya upande wa pili kama mfano wa kuigia. Katika kuunga huko ndiko vipande hubadilishana.

Mafundi hao hawakubuniwa kwa ajili ya kujamiiana. Spo11 ni wa ukoo mmoja na kimeng'enya cha arkea, wale vijidudu wasio na kiini wanaofanana na bakteria kwa umbo, ambacho kazi yake ni kukata na kuunga DNA iliyojisokota. Protini zinazotafuta mfano wa kuigia ni binamu wa protini ya bakteria iitwayo RecA, ambayo hufanya kazi ya ukarabati mpaka leo. Kwa maneno mengine, vifaa vilikuwa tayari kwenye sanduku la fundi kabla kiumbe yeyote mwenye kiini hajatokea. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba mwanzo wa mambo yote haya ulikuwa ukarabati wa DNA, hasa baada ya seli za kale kumeza bakteria waliokuja kuwa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kuanza kuishi na moshi wa oksijeni, unaoharibu DNA, ndani ya nyumba. Mimi mwenyewe naegemea huko kwa upande wa chanzo. Kwa upande wa kwa nini tabia hii ilidumu, siegemei huko, na nitakueleza sababu.

Kabla ya hapo, tumjibu binti kuhusu bakteria, maana ana haki. Bakteria hubadilishana jeni kweli: kwa kupitishiana vipande vya DNA kupitia kijibomba, kwa kuokota DNA iliyomwagwa na seli zilizokufa, na kwa kubebewa na virusi. Lakini ni kama kuazima ukurasa mmoja wa daftari la jirani. Anayetoa hapokei, vipande ni vidogo, na hakuna miili inayoungana wala mayosisi. Viumbe wenye kiini wana kromosomu nyingi ndefu, na wao huleta daftari zima mezani, ukurasa kwa ukurasa. Akisema bakteria wana utofauti bila kujamiiana kwa namna yetu, mkubalie. Ndiyo maana neno "utofauti" peke yake halitoshi kuwa jibu.

Haya, mwenzi wa kwanza. Swali hili linatisha kwa sababu tunamwona mtu mmoja amesimama stendi anamsubiri mchumba ambaye bado hajazaliwa. Ila seli haikai peke yake. Seli inayojigawa usiku kucha asubuhi imezungukwa na ndugu zake maelfu, wote wenye jeni zilezile, pamoja na hiyo jeni mpya inayomfanya awe tayari kuungana. Mwenzi wa kwanza, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa dada wa tumbo moja. Kwetu ni mwiko. Kwa seli ndiyo hali ya kila siku. Hamira ya porini imeenda mbali zaidi: ina aina mbili za kujamiiana, ziitwazo a na alfa, na seli mama iliyokwisha kuchipua inaweza kubadili aina yake ili iungane na bintiye mwenyewe.

Tena huenda hatua za kwanza hazikuhitaji mwenzi kabisa. Seli inaweza kunakili kromosomu zake na kushindwa kugawanyika, ikabaki na seti mbili, kisha ikarudi kwenye moja baadaye. Huko kupanda na kushuka kwa seti ndiyo mifupa ya mayosisi, na seli inayafanya hayo peke yake. Kuungana miili nako si jambo la kushangaza sana. Arkea mmoja wa Bahari ya Chumvi, anayeitwa Haloferax, huunganisha seli zake na kuchanganya DNA hata leo, na hana kiini wala mayosisi. Kwa viumbe wengi wenye kiini, kazi ya kuunganisha utando wa gameti mbili hufanywa na protini iitwayo HAP2. Umbo lake lilipochunguzwa mwaka 2017, lilikutwa linafanana mno na protini ambayo virusi vya dengi hutumia kuingia kwenye seli zetu. Ama virusi viliiba kwetu, ama sisi tuliiba kwao, mjadala haujafungwa. Binti yako ataupenda huo.

Na amiba je? Hapa naomba nikusahihishe kidogo, ingawa kosa ni la mitaala yetu. Amiba wa kitabuni anajulikana kwa kujigawa, lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia koo nyingi za amiba na kuonyesha kwamba wengi wao wana dalili za kujamiiana, na kwamba wale wasiofanya hivyo wanaonekana kuwa walioiacha tabia hiyo. Giardia, yule wa kuhara, naye alidhaniwa hajui mambo haya. Mwaka 2005 watafiti walikuta amebeba jeni za mayosisi. Ukiona vifaa vilevile kwa uyoga, mimea, wanyama, mwani na vimelea, hitimisho linalobaki ni kwamba babu wa viumbe wote wenye kiini alikuwa navyo. Huyo aliishi zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Mwani mwekundu uliogeuka jiwe kaskazini ya mbali ya Kanada, wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.05, tayari unaonyesha seli zinazofasiriwa kuwa za uzazi wa kijinsia. Kwa hiyo usifundishe kwamba kujigawa tu ndiyo hali ya kale na kujamiiana ni anasa ya wakubwa. Kwa viumbe wenye kiini, wengi wasiojamiiana ni walioacha.

Sasa kwa nini ilidumu. Fikiria fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kila nakala inaongeza doa, na doa halifutiki kwa kunakili tena. Ukoo unaojigawa tu uko hivyo: kosa likishaingia kwenye DNA, kizazi chote kinachofuata kinalo, na jipya linaongezeka juu yake. Mtaalamu wa jeni Hermann Muller alilieleza hili mwaka 1964 kwa mfano wa gurudumu la meno linalozunguka upande mmoja tu. Kujamiiana kunalirudisha nyuma. Fundi mwenye bajaji mbili mbovu, moja injini imekufa, nyingine giaboksi imesagika, anaweza kupata moja inayotembea na moja ya kuuza chuma chakavu. Zingatia hiyo ya chuma chakavu, kwa sababu vitabu huisahau. Mchanganyo unatoa pia watoto waliorundikiwa makosa ya pande zote mbili, nao wanapokufa wanaondoka na makosa hayo.

Ni vivyo hivyo kwa jeni nzuri. Katika kundi linalojigawa tu, jeni nzuri ikizuka kwa seli hii na nyingine nzuri ikazuka kwa seli ile, koo hizo mbili zitashindana mpaka moja ife na hazina yake. Zikijamiiana, jeni zote mbili zinaweza kukaa nyumba moja. Hili limepimwa. Mwaka 2005 watafiti walichukua hamira na kuzima jeni za mayosisi kwa baadhi yake, mojawapo ikiwa ileile ya Spo11. Katika mazingira ya starehe, zilizojamiiana na zisizojamiiana zilikwenda sawa. Katika mazingira magumu yenye joto la juu, zilizojamiiana zilizoea haraka na kuwapita wenzao. Ndiyo sababu siegemei ukarabati kama jibu la kudumu kwake: faida iliyoonekana hapo ilikuja vizazi vingi baadaye, kwenye kundi, kwa uteuzi wa asili. Seli haikupanga hayo. Wanafunzi wakisema "zilitaka kuboresha kizazi", warekebishe taratibu.

Usiwafiche upande wa pili. Kimelea cha malale cha Afrika Magharibi na ya Kati, kile kinachoitwa gambiense, kimekaa bila kujamiiana kwa takribani miaka 10,000, kama utafiti wa mwaka 2016 ulivyokadiria, na bado kinatesa watu, hasa Kongo. Nakala zake mbili za kila kromosomu zimeanza kuachana kama ndugu waliogombana, ingawa mara nyingine moja hunakiliwa juu ya nyingine kama kiraka. Ndugu zake wa karibu hujamiiana ndani ya tezi za mate za mbung'o. Kuishi bila jinsia kunawezekana. Kudumu hivyo kwa muda mrefu sana ndiko kunakoonekana kuwa kugumu.

Mfano ambao ningeutumia zaidi darasani ni wa nyumbani kabisa: malaria. Ndani ya damu yetu kimelea hujigawa tu, kikiwa na seti moja ya kromosomu, na kila saa 48 hivi kundi jipya linapasua chembe nyekundu. Sehemu ndogo yao hugeuka kuwa gametosaiti, yaani seli zitakazotoa gameti, dume na jike, na mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba kupungua kwa aina fulani ya mafuta kwenye damu ni mojawapo ya vichocheo. Njaa tena, unaona? Kwa falsiparamu, kimelea cha malaria kali, hukomaa kwa siku 10 hadi 12, zikawa na umbo la mundu. Hapo zinasubiri. Mbu akinyonya, joto linashuka, zinakutana na kemikali ya tumboni mwake, na katika muda wa robo saa hivi dume mmoja anarusha mbegu hadi 8 zenye mikia zikichapa huku na huko. Mara ya kwanza kuliona hilo chini ya darubini niliruka kwenye kiti. Daktari Mfaransa Laveran aliliona Algeria mwaka 1880 na hakujua ni nini. Mtafiti MacCallum ndiye aliyeona mwaka 1897, katika kimelea cha damu ya kunguru, kwamba mkia ule unaingia kwenye seli ya kike. Kuungana kote na mayosisi yote ya malaria hutokea ndani ya mbu.

Na mwenzi anatoka wapi? Kama mgonjwa ana ukoo mmoja tu wa vimelea, ndugu wanaoana. Kama ameumwa na mbu mara nyingi na kubeba koo kadhaa, zinachanganyika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu kijiji kimoja cha Tanzania ulikuta michanganyiko hiyo mara nyingi. Ule wa Papua New Guinea, mwaka uliofuata, ulikuta ndugu kwa ndugu zaidi. Hili lina uzito hospitalini. Usugu mkali dhidi ya SP, dawa ya malaria yenye viambato viwili, unahitaji mabadiliko kwenye jeni mbili zilizo kwenye kromosomu tofauti, ya 4 na ya 8. Mbu anaweza kuzikutanisha, na mbu huyohuyo anaweza kuzitenganisha. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba kujamiiana hujenga na hubomoa, hapo pametosha.

Kuhusu dume na jike nitapita haraka. Hawakuwa wa kwanza. Kwa klamidomonasi gameti zote zina ukubwa mmoja, na tunaziita tu chanya na hasi. Kijidudu cha maji kiitwacho tetrahimena kina aina saba, na wa aina moja huungana na yeyote wa nyingine sita. Mbegu ndogo yenye mkia na yai kubwa vilikuja baadaye. Katika ukoo wa klamidomonasi, jeni inayomfanya awe hasi ndiyo, kwa jamaa zake wenye seli nyingi, inayosimamia utengenezaji wa mbegu za kiume.

Sasa darubini. Hamira ya dukani katika maji ya uvuguvugu yenye sukari itawaonyesha kuchipua vizuri kwa ukuzaji wa mara 400, lakini usiwaahidi kujamiiana. Hamira ya waokaji imechaguliwa kwa kukua, na nyingi hutoa vijimbegu kwa shida. Malaria, tafadhali, usimchome mwanafunzi kidole kwa ajili ya somo. Nenda mwenyewe kwa mteknolojia wa maabara ya hospitali au chuo cha afya kilicho karibu, uombe kuonyeshwa slaidi ya zamani iliyopakwa rangi, isiyo na jina la mgonjwa, yenye gametosaiti za mundu. Klamidomonasi hai mwulize mtu wa idara ya botania ya chuo kikuu. Hilo halifanyiki vizuri kwa maelezo ya kuandikiana. Na kama kuna mwanafunzi mwenye homa, somo lisimame, aende kituo cha afya akapimwe. Akikutwa na malaria, mwambie amalize dozi ya dawa mseto, na alale ndani ya chandarua hata akijisikia amepona, kwa sababu gametosaiti zilizokomaa zinaweza kubaki kwenye damu siku kadhaa baada ya homa kuisha.

Kinachowezekana shuleni kwako ni spirogira, zile nyuzi za kijani zinazoteleza kwenye madimbwi. Zimeungana kama uzi, lakini kila seli hufanya mambo yake. Zikijamiiana, nyuzi mbili hulala sambamba, vijidaraja vinaota katikati kama ngazi, na seli ya upande mmoja inahamia yote upande wa pili. Ukuzaji wa mara 100 unatosha. Chota dimbwi linapokaribia kukauka. Weka chupa mbili dirishani, moja utie chembe chache za mbolea ya naitrojeni, nyingine usitie kitu, ziandike tarehe, mkague kila baada ya siku mbili ni ipi inaanza kuota ngazi. Siahidi kwamba yenye mbolea haitaota kabisa. Mwani wa dimbwini una mambo mengine yanayouchochea, mwanga ukiwemo. Wiki mbili zikipita bila kitu, mwageni, mchote dimbwi jingine mvua zikikatika.